Aliyekipa Kinanda Pumzi

Bibi yangu wa Kisauni ana sentensi moja tu kuhusu babu yake. "Babu yangu," husema, "ndiye aliyekipa pumzi kinanda cha Unguja." Akishasema hivyo anarudi kwa chai yake na stori imeisha. Hakuna aliyewahi kumuuliza zaidi. Tulidhani tunaelewa. Bibi ni mtu wa mafumbo, hata ukimuuliza kama ameshiba anakujibu kwa methali, kwa hivyo "kukipa kinanda pumzi" tuliichukua kama lugha ya kishairi. Tafsiri yetu ilikuwa moja: babu yake Bibi alikuwa mpiga kinanda mkubwa katika kanisa kuu la Anglikana kule Unguja. Basi.

Mimi ndiye niliyeila hiyo stori nzima nzima. Nilipoanza kugusa Yamaha ya kanisani nikiwa darasa la sita, mama mdogo alipiga vigelegele na kusema damu imejitokeza. Nikaja Nairobi kusoma, nikawa napiga kinanda kwenye harusi za Jumamosi ili nilipe kodi ya bedsita. Na kwenye ukurasa wangu wa Instagram, chini ya picha, niliandika kwamba mimi ni kizazi cha tano cha wapiga kinanda. Nilikuwa nimehesabu: babu yake Bibi, mzazi wa Bibi, Bibi, mama, mimi. Kati ya hao watano, aliyewahi kugusa kinanda kwa hakika ni mimi peke yangu, lakini nani angenikagua?

Mwaka jana nikapata pesa kidogo, nikaamua kwenda Unguja kukiona hicho kinanda kwa macho. Nilitaka picha, nisidanganye. Mimi na kinanda cha babu, halafu maneno mazuri chini yake. Nilipomwambia mama, hakufurahi. "Wenda Unguja kutafuta nini?" aliuliza. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema nibebe dawa ya mbu.

Nilipanda basi Mombasa, tukavuka mpaka Lungalunga, tukapita Tanga hadi Dar es Salaam, kisha boti. Kanisa liko Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe, na kama hujawahi kufika, jiandae: unaingia ukidhani unaenda kuona kanisa, kumbe unaenda kuona soko. Kanisa Kuu la Kristo limejengwa pale pale palipokuwa na soko la watumwa la Unguja, soko kubwa la mwisho la aina yake katika pwani hii.

Historia yenyewe inaenda hivi. Mwanzoni mwa 1873 Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, alifika kwa Sultani Barghash kumtaka afunge biashara ya watumwa. Sultani akakataa. Frere akaondoka mikono mitupu, na kazi ikabaki kwa balozi John Kirk, aliyemweleza Sultani kwamba asipotia sahihi, manowari zitakizingira kisiwa. Tarehe 5 Juni 1873 mkataba ukatiwa sahihi na soko likafungwa. Wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana iliyokuwa kisiwani tangu 1864, wakanunua sehemu ya uwanja ule. Sehemu nyingine walipewa na mfanyabiashara Mhindi aliyeitwa Jairam Senji. Siku ya Krismasi mwaka huo huo wa 1873, jiwe la msingi likawekwa. Yaani kutoka soko hadi kanisa haikufika hata miezi saba.

Aliyesimamia ujenzi ni Edward Steere, aliyefanywa askofu mwaka uliofuata. Jina hilo wewe msomaji una deni nalo hata kama hujui. Steere ndiye aliyetoa, mwaka 1870, kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja na mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa na watu wa kisiwa. Kazi ile ya kuandika Kiunguja ilikuja kuwa na uzito mkutano wa Mombasa ulipokaa 1928 na kuchagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Sisi wa Mombasa tulishindwa nyumbani kwetu, na Bibi hajasahau. Hadi leo anasema "kupija" badala ya "kupiga", na akisikia taarifa ya habari anasema hao ni watu wa Steere.

Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877, jengo likiwa halijakamilika. Paa ni kuba refu lililomwagwa kwa mawe ya matumbawe yaliyosagwa pamoja na saruji, na watu wengi walisema litaporomoka. Halijaporomoka. Pale karibu na altare kuna duara la marumaru nyeupe sakafuni, limezungukwa na wekundu. Wanakuambia hapo ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa. Kuna msalaba uliotengenezwa kwa mbao za mti wa Chitambo, huko Zambia, ambapo moyo wa Livingstone ulizikwa chini yake. Kuna kumbukumbu ya mabaharia Waingereza waliokufa kwenye doria za kukamata majahazi ya watumwa. Steere mwenyewe, aliyekufa 1882, amezikwa nyuma ya altare. Na kuna nguzo za marumaru ambazo waongozaji wanapenda kukuonyesha, wakisema mafundi waliziweka juu chini, Askofu akiwa safarini, na aliporudi akaamua ziachwe vile vile. Wageni wote hucheka hapo. Hata mimi nilicheka.

Halafu kuna vyumba vya chini. Unashuka ngazi katika jengo la jirani, unainama, unaingia mahali palipobana na kutia kiwewe, na unaambiwa watumwa walirundikwa humo wakisubiri mnada. Nilitoka nje nikiwa na machozi. Baadaye, jioni, nikasoma kwamba wanahistoria kadhaa wanalipinga jambo hilo: jengo lile lilijengwa na misheni kama hospitali, miaka kama 20 baada ya soko kufungwa, na vyumba vile huenda vilikuwa stoo. Nilikasirika. Nilihisi nimechezewa. Kwani palihitajika kuongezewa kitu? Soko lilikuwepo kweli, watu waliuzwa kweli. Kwa nini upake rangi ukuta ambao tayari una damu?

Hasira hiyo iweke kando kidogo. Itanirudia.

Kinanda chenyewe nilikikuta asubuhi. Mabomba yamesimama safu, marefu kwa mafupi. Kilitengenezwa na kampuni ya Henry Willis ya Uingereza, na kama una ushamba wa vinanda kama wangu, jina hilo linakusimamisha. Willis ndiye aliyejenga kinanda cha Royal Albert Hall kule London mwaka 1871. Ni kama kwenda kijijini ukakuta gari la mashindano limeegeshwa chini ya mwembe.

Siku ile hakikupigwa. Nilisimama mbele yake, nikapiga picha kama kumi, na mzee mmoja aliyekuwa akipanga vitabu vya nyimbo akanikaribia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza natoka wapi. Nikamwaga stori yote: Kisauni, Bibi, babu yake Bibi, Yamaha, vizazi vitano. Nikamalizia na ile sentensi, nikaisema kwa majivuno: ndiye aliyekipa pumzi kinanda hiki.

Mzee akanitazama kwa upole. "Alipiga," akauliza, "au alivukuta?"

Sikuelewa. Neno lenyewe nilikuwa sijui. Kwa hivyo akanieleza, na ninakueleza nawe, maana bila hilo huwezi kuelewa kilichonipata.

Kwanza, neno "kinanda" linatuchanganya. Zamani kilikuwa chombo cha nyuzi, Waswahili wakikipiga kwenye sherehe zao kabla ya misheni kufika. Kisha jina likahamia kwa chombo cha kanisani, likahamia kwa gramafoni, na sasa limeishia kwa Yamaha inayochomekwa kwenye soketi. Lakini kinanda cha mabomba hakina undugu na Yamaha. Kina undugu na filimbi. Kila bomba ni filimbi moja inayotoa sauti moja tu. Bomba refu linanguruma, fupi linalia kama ndege. Mabomba yote yamesimama juu ya sanduku lililojaa upepo. Ukibonyeza kitufe, kijilango kidogo kinafunguka chini ya bomba, upepo unapanda, bomba linaimba. Ukiachilia, kijilango kinafunga. Mpiga kinanda hatoi sauti. Anachofanya ni kufungua na kufunga milango.

Sasa, upepo unatoka wapi? Leo kuna feni ya umeme. Lakini katika karne ya 19 hakukuwa na stima ya kuendesha feni. Nyuma ya kinanda kulikuwa na mivukuto, viriba vikubwa vya ngozi na mbao, kama vile vya mhunzi ila vikubwa zaidi, na mpini mrefu. Mtu alisimama hapo kwenye mpini, akiuinua na kuushusha, wimbo baada ya wimbo, ibada nzima. Hiyo ndiyo kuvukuta. Kwenye vinanda vingi kulikuwa na kipande cha risasi kilichoning'inia kwenye uzi, kikimwonyesha mvukutaji upepo umebaki kiasi gani. Akilala, akipitiwa na mawazo, akichoka katikati ya beti la nne, sauti inalegea, inashuka, inakufa kama redio iliyoishiwa betri. Kanisa zima linageuka kumtazama mpiga kinanda. Mvukutaji haonekani. Kwa kawaida alikuwa mvulana, kwa sababu kazi ilikuwa ya nguvu na malipo yalikuwa madogo.

Mzee hakusema babu yake Bibi alikuwa mvukutaji. Aliuliza tu swali, kisha akarudi kwa vitabu vyake. Nikatoka nje, nikakaa karibu na ile sanamu ya Clara Sörnäs, ya 1998: watu watano wa zege wamesimama ndani ya shimo, shingoni wamefungwa kwa minyororo halisi. Nikampigia Bibi simu kwa WhatsApp. Binamu yangu alipokea, akampelekea.

"Bibi," nikasema, "babu yako alikuwa akipiga kinanda ama akikivukuta?"

"Hakupija," Bibi akajibu, bila kusita hata sekunde. "Angepija vipi? Alikuwa kitoto. Alikivukuta. Si nimewaambia miaka yote? Alikipa pumzi."

Hapakuwa na fumbo. Kwa miaka hiyo yote Bibi alikuwa akitutajia kazi ya mtu kama anavyotaja kwamba fulani alikuwa dereva au fulani aliuza samaki. Sisi ndio tuliofanya kuwa shairi.

Swali la pili lilinitoka kabla sijalifikiria. "Alifikaje Unguja?"

Kimya. Nilidhani mtandao umekatika. Nyuma yake nilisikia kuku na mlango wa mabati. "Kwa jahazi," Bibi akasema.

"Alipanda jahazi kutoka wapi?"

"Hakupanda, mwanangu. Alipandishwa."

Ni pale nilipoanza kuelewa. Alitoka upande wa ziwa, Bibi alisema, watu wa Nyasa. Alikuwa mdogo, jino la mbele halijaota. Manowari ililikamata jahazi baharini, na watoto waliokuwa ndani wakakabidhiwa misheni. Hilo lilikuwa jambo la kawaida tangu mwanzo: mwaka 1864, Sultani Majid alimpa Askofu Tozer wavulana watano waliokuwa wamekamatwa namna hiyo, na mmoja wao, John Swedi, alikuja kuwa shemasi. Wavulana walisomeshwa Kiungani, wasichana na familia wakawekwa Mbweni. Walijifunza kusoma, kupanga herufi kwenye mashine ya chapa ya misheni, kuimba. Cecil Majaliwa, aliyeuzwa Unguja akiwa mtoto, akapewa upadre 1890. Na yupo mwingine ambaye hakuwa shemasi wala padre. Alipewa mpini.

Nilimuuliza Bibi alifikaje Mombasa. Akasema alivuka baadaye, kijana tayari, wakati wa kujenga reli, akaoa Freretown. Na hapo vipande vikaungana, maana Freretown imepewa jina la yule yule Frere aliyeenda kwa Sultani 1873. Wamisionari wa CMS waliianzisha 1875 ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kijiji cha watu waliotolewa utumwani. Kengele iliyotundikwa pale kuwaonya watu wavamizi wakija ndiyo iliyopapa mahali jina la Kengeleni. Nimepita Kengeleni kwa matatu maisha yangu yote. Nimesikia makanga wakiita "Kengeleni! Kengeleni!" mara elfu. Sikuwahi kujiuliza kengele ilikuwa ya nini, wala kwamba huenda ilipigwa kwa ajili ya watu wetu.

Msomaji, labda unauliza tatizo liko wapi. Mtu alitekwa akiwa mtoto, akakombolewa, akafanya kazi, akaoa. Si aibu yake. Ni kweli. Lakini wewe ni Mkenya, kwa hivyo unajua swali letu la kwanza kwa mtu yeyote: wewe ni wa wapi? Tunalijibu kwenye fomu, kwenye harusi, kwa mwenye nyumba anayekukodishia chumba. Mimi baba yangu ni Mtaita, kwa hivyo jibu ninalo, limeandikwa na halina maswali. Lakini mama? Kila mara nikiwa mtoto nilisikia akiulizwa, na kila mara alijibu vile vile: "Mimi nimeolewa Taita." Nilidhani ni mapenzi kwa baba. Sikuwahi kuona kwamba hilo si jibu la swali.

Upande wa mama wana majina ya Kiingereza, ya kupewa wakati wa ubatizo. Huko Pwani watu waliwaita Wamisheni, na neno hilo lilikuwa na pande mbili. Upande mmoja lilimaanisha watu wa shule, wa suti, wa kuimba sauti nne. Upande mwingine lilimaanisha watu wasio na kwao. Usisahau pia kwamba soko lilipofungwa utumwa haukuisha. Unguja hali ya utumwa ilifutwa kisheria 1897, na kwenye ukanda wetu wa Pwani hadi 1907. Kwa hiyo kulikuwa na watu waliozeeka pamoja, mtaa mmoja, huyu akijua yule alinunuliwa na nani. Matusi ya namna hiyo hayafi haraka. Bibi alichagua sentensi moja ambayo ilikuwa kweli kabisa na ambayo haingemdhuru yeyote. Tukaipamba, tukaitundika ukutani.

Na hapo ndipo hasira yangu ya vile vyumba vya chini iliponirudia. Nilikuwa nimewalaumu watu kwa kuongeza chumvi kwenye historia, wakati mimi nimefanya hivyo hivyo kwenye simu yangu, kwa herufi nzito. Mwongozaji anaongeza kiza ili mgeni alie. Mimi niliondoa kiza ili nionekane. Sote wawili tulidhani ukweli mtupu hautoshi.

Nilirudi ndani ya kanisa kabla halijafungwa. Nimesoma kwamba katika makanisa mengi ya Uingereza wavulana waliovukuta walichonga majina yao nyuma ya kinanda, kwenye mbao, kwa visu, wakati mahubiri yanarefuka. Nilitaka kumwomba yule mzee anipitishe nyuma nitazame. Sikumwomba. Niliogopa kutokuta kitu, na pia niliogopa kukuta. Kuta za kanisa zina majina mengi: maaskofu, manesi, makapteni wa manowari. Nilizunguka nikiyasoma yote. Kisha nikakaa kwenye benchi la mbele na kukitazama kinanda tena, nikimtafuta mvulana nyuma yake, jicho kwenye kipande cha risasi, mikono kwenye mpini, akihesabu beti zilizobaki kwa lugha ambayo bado alikuwa anajifunza. Watu walioketi hapa nilipoketi mimi hawakumwona. Lakini hakuna noti moja iliyosikika humu ambayo haikupitia mikononi mwa mtu kama yeye.

Na alikuwa amesimama mita chache tu kutoka kwenye lile duara jeupe la marumaru. Sijui kama kuna aliyemwambia ni la nini. Nadhani hakuhitaji kuambiwa.

Niliporudi Mombasa nililala Kisauni siku mbili. Bibi alitaka kujua kama kinanda bado kina sauti. Nikamwambia sikukisikia. Akasikitika. "Ungengoja Jumapili," akasema. Ni kweli, ningengoja Jumapili. Nilikuwa nimeenda kutafuta picha, na picha nilikuwa nayo tayari siku ya kwanza saa nne asubuhi.

Nairobi nilifuta yale maneno ya kizazi cha tano. Sikuweka mengine. Wiki kadhaa baadaye, kwenye harusi moja huko Kikuyu, stima zilipotea katikati ya wimbo wa bibi harusi kuingia. Yamaha ikanyamaza. Mwanzo watu walicheka, halafu mama mmoja wa nyuma akaendeleza wimbo kwa sauti yake, na wengine wakamfuata, na bibi harusi akafika altareni. Mimi nilikaa pale na vidole juu ya vitufe vilivyokufa. Zamani ningeona haya. Siku hiyo nilimfikiria fundi wa Kenya Power ambaye mahali fulani alikuwa akipanda nguzo, na hakuna mtu kanisani aliyejua jina lake.

Nilipoandika makala haya nilimtumia mama kwanza. Nilijua hatapenda. Alisoma, nikaona zile alama mbili za buluu, na siku tatu hakujibu. Siku ya nne akapiga. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia kisha akamaliza.

"Mambo ya ukoo hayaandikwi kwenye simu," alisema.

Nikamwambia nitayaondoa, akitaka.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Umeandika watu wa Nyasa. Nyasa ni ziwa, si kabila. Yule mzee alikuwa Myao. Kama ni lazima uandike, andika sawasawa."

Nikamuuliza amejuaje.

"Wewe Bibi alikuambia sentensi moja," mama akasema. "Mimi aliniambia zote."